Majina Tuliyoyabandua Wadini

Siku ya pili ya Idi Ndogo, mwaka jana, alifariki mke wangu Zuwena. Katika siku zake za mwisho maji ya chupa yalimshinda. Alisema yana ladha ya plastiki. Alitaka maji ya falaji ya kwao, nje kidogo ya Ibra, huku Oman, na mimi nikawa nayafuata kwa gari kutoka Sur na kumletea kwa madumu. Falaji ni mfereji wa kale unaoyachukua maji ya wadi, lile bonde la mto wa msimu, huko juu na kuyateremsha hadi kijijini. Pale yanapotokeza mara ya kwanza ndipo watu wanapochota ya kunywa, kabla hayajafika msikitini, wala makogeoni, wala kwenye mitende. Kwa hivyo Nasser aliponipigia simu mwaka huu, akaniambia kuwa pahala pale pa kuchotea pako karibu kufungwa, sikuuliza maswali mengi.

Nasser ni mwanyumba wangu, amemuoa Bi Thuweiba, dada yake Zuwena, na ndiye aliyekabidhiwa falaji na wanakijiji. Alinieleza kwamba mvua iliyopita ilisomba taka za wadi zikaziba mdomo wa mfereji. Kichujio cha chuma kiling'oka, maji yakaoza, watoto wakaumwa matumbo. Watu wakakubaliana kuwa yakitokea tena, pale pa kunywa patatiwa saruji na kila nyumba itanunua maji ya boza. Na mvua nyengine ilikuwa imetangazwa kwa Ijumaa.

"Watu wa kusafisha ninao," alisema. "Gari sina, kichujio sina, na wa kuwapanga hao watu sina. Wewe umeendesha boza la maji umri wako wote. Unajua kukifikisha kitu pahala pake."

Jumanne, baada ya sala ya alfajiri, niliondoka mtaani kwetu Aija, pale Sur, na lori langu dogo. Vijana wanaosafisha pwani yetu walikuwa wameniazima magunia na glavu. Jirani yangu Bi Raya alisimama mlangoni kwake akinitazama nikipakia.

"Baba Salim, ukweni watu huenda na halua," alisema. "Wewe unakwenda na magunia ya taka."

"Halua watakula wakishajaza magunia."

"Basi wasalimie, na usirudi na harufu."

Nilivuka daraja, nikauacha mji nyuma, nikashika njia ya bara. Karibu na Bidiya mchanga ulikuwa umeanza kuvuka barabara kama maji, na ngamia wawili wamelala pembeni hawana habari na mtu. Zamani Zuwena akifika hapo alikuwa akifunga kioo na kunikumbusha nifunge changu. Nilikifunga.

Ibra nilifika kabla ya adhuhuri, lakini nyumbani kwa Bi Thuweiba sikuingia. Tangu msiba nilikuwa sijakanyaga pale, na niliogopa nikikaa sitaondoka tena. Nilikwenda moja kwa moja wadini, nikamkuta Nasser kwenye mdomo wa mfereji, tukapima upana na kina kwa kamba, nikaifunga mafundo. Juu yetu wadi ilikuwa nyeupe kwa chupa, vikombe na mifuko, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili.

"Umeona?" aliuliza Nasser.

"Nimeona."

"Mkeo angetutukana."

"Angekutukana wewe. Mimi ningepewa gunia."

Alasiri ile nilifika Firq, karibu na Nizwa, kwenye magereji. Nilikuwa nimeelekezwa kwa fundi mmoja wa kuchomelea, Hamdun, ambaye wazee wake walirudi kutoka Tabora, na Kiswahili chake ni cha bara.

"Shikamoo mzee. Hiyo kamba ndiyo ramani?"

"Marahaba. Ndiyo."

Aliikunjua chini kwenye sakafu, akayatazama mafundo. "Hii kazi ya wiki nzima, mzee wangu."

"Mvua ni mtondo, Ijumaa."

"Unataka kuzuia nini? Mawe au mbuzi?"

"Chupa."

"Chupa za nini huko wadini?"

"Za maji."

Alicheka mpaka akavua miwani yake ya kazi. "Yaani mnatengeneza chujio ili maji yasiingie kwenye maji."

Nilimwambia habari za watoto walioumwa, na za pahala pa kunywa. Akaacha kucheka, akaliweka kando geti la mtu mwengine alilokuwa analichoma, akachukua nondo. Nililala Nizwa, na Jumatano mchana nilikikuta kichujio kimesimama mlangoni kwake, kimepakwa rangi ya kuzuia kutu. Nondo zimekaribiana vizuri. Ukipeleka mkono ngumi haipiti. Mnyororo na kulabu zilizobaki alinitupia ndani ya lori. "Chuma kilichobaki ni cha mwenye kazi," alisema. "Utapata cha kufunga."

Nilinunua halua sokoni Nizwa, nikarudi Ibra. Safari hii niliingia nyumbani. Bi Thuweiba alinipokea mlangoni, akaitazama halua, akanitazama mimi.

"Shemeji, Jumanne ulipita hapa kama mgeni."

"Ni kweli."

"Usirudie. Kaa ule."

Alhamisi asubuhi watu walikuja wengi kuliko alivyotarajia Nasser, waume kwa wake. Niliwapanga kama nilivyoona inafaa. Tuliamua kuanzia juu kushuka chini, maana ukianza mdomoni upepo utakuletea tena taka za juu. Wenye miguu mizuri walikwenda kwenye mawe ya juu, kina mama katikati, na lori nililiweka kivukoni. Chupa zilikuwa nyingi mno kwa lori moja, kwa hivyo wanaume walizikanyaga zibonyee kabla ya kuzitia guniani. Kazi ilikwenda, mtu anamcheka mwenziwe aliyeteleza.

Mara Nasser akainama, akaokota chupa iliyokuwa chini ya kiatu chake, akaifuta. Alisimama vile vile.

"Jamani, simamisheni miguu," alisema.

Kwa wasioijua ada yetu, nieleze. Huku mtu akifiwa hununua makatoni ya maji, hubandika kwenye kila chupa karatasi yenye jina la maiti na dua, akayagawa misikitini na barabarani. Kila anayekunywa humwombea. Ni sadaka nzuri, na jua letu mnalijua. Lakini chupa ikishakuwa tupu hutupwa kama chupa nyengine yoyote. Sasa tulikuwa tunalikanyaga jina la Mwenyezi Mungu, na majina ya maiti wetu.

Hapana aliyenyanyua mguu tena. Mmoja alisema tuziache zenye majina tuokote nyengine, lakini zenye majina zilikuwa ndizo nyingi. Mwengine akasema tuje baada ya mvua. Upande wa milimani mawingu yalikuwa yameshaanza kusimama. Nilifikiri kazi imekwisha, na pale pa kunywa pamekwisha.

Bi Thuweiba alikunjua gunia, akakaa juu yake katikati ya wadi.

"Leteni hapa," alisema. "Tutabandua. Na kila anayebandua asome. Si walitaka waombewe? Basi watu wa kuwaombea ndio sisi."

Kina mama wakakaa, kisha baadhi ya wanaume. Tulizibandua kwa kucha na kwa visu. Mtu akisoma jina, walio karibu humjibu, Allah amrehemu. Majina ya watu wa Ibra, majina ya mabibi waliozaliwa Unguja, jina la mtoto. Karatasi tulizitia kwenye kikapu, chupa tupu zikaenda kwenye miguu ya wanaume, na kazi ikaenda mbio kuliko asubuhi.

Adhuhuri ilipokaribia nilishika chupa yenye jina la Zuwena. Wanangu walizigawa huku Ibra kwenye arobaini yake. Nilikaa nayo mkononi. Bi Thuweiba aliniona.

"Soma, shemeji."

Nikasoma. Wadi nzima ilijibu, hata wale wa kwenye mawe ya juu. Nikaibandua karatasi, nikaitia kikapuni pamoja na za wenziwe, na chupa nikaikanyaga mwenyewe.

Baada ya alasiri wadi ilikuwa changarawe tupu. Lori lilikwenda na kurudi kwenye jaa la mji hata magunia yakaisha. Nasser na vijana walikisimamisha kichujio, kikaingia kwenye mdomo kama kidole kwenye pete, wakakitia saruji. Karatasi tulizifukia pembezoni mwa makaburi.

Ijumaa mvua ilikuja baada ya sala. Tulisimama ukingoni, wadi ikashuka na rangi ya kahawa, ikipiga kelele. Kichujio kilikamata matawi, ndala moja na kipande cha zulia. Chupa hata moja hatukuiona. Nasser alinishika bega. Nami nasema wazi kwamba nilijivunia: watu wale, na fundi wa Firq, na shemeji yangu, na Zuwena aliyezaliwa kwao.

Jumamosi maji yalikuwa bado na tope. Jumapili yalitakata. Bi Thuweiba ndiye aliyechota wa kwanza, akanywa, akanijazia dumu bila ya kuniuliza.

Jumapili hiyo hiyo nilirudi Sur. Kioo nilikifunga Bidiya. Nilichojifunza ni kidogo: sadaka haimaliziki pale mkono unapotoa. Aliyeitoa ana kazi ya kuifuata mpaka inapoangukia.

Nyumbani nilimkuta mwanangu Salim ana habari za makatoni ya maji kwa ajili ya mwaka wa mama yake. Nilimhadithia yote. Akauliza, "Basi tumfanyie nini, baba?"

Nilitoa mnyororo wa Hamdun kwenye lori. Tulikwenda kwenye msikiti wa mtaa, penye birika la maji baridi ukutani, Salim akapigilia kulabu, nikafunga bilauri ya chuma isiyo na jina. Birikani tulimimina lile dumu la maji ya kwao mama yake. Kibarua mmoja Mbangali alikuwa anangoja pembeni na kofia yake ya kazi. Tulipompisha alikuja, akanywa, akaisuuza bilauri, akairudisha kwenye kulabu.