Vyeti Nilivyopiga Taipu

Vyeti vya hisa vya kiwanda chetu cha mbao nilivipiga taipu mimi mwenyewe. Nilikuwa karani pale Nakuru, na baba yangu alikuwa akiendesha msumeno mkubwa. Mwenye kiwanda, Kalasinga mmoja mpole, alipoamua kuhamia Uingereza mwishoni mwa miaka ya sitini, alikubali kutuuzia sisi wafanyakazi. Tulikatwa mishahara kila mwezi, miaka mitatu.

Siku ya kugawa vyeti, baba alinawa mikono mara mbili kabla ya kupokea chake. Hakujua kusoma. Aliniuliza, "Jina langu ni hili hapa?"

"Ndilo hilo, baba."

Meneja tuliyemchagua kutoka miongoni mwetu ndiye aliyepaswa kupeleka majina yetu Nairobi, kwa msajili wa makampuni. Nilimkumbusha mara moja tu. "Hiyo niachie mimi," akasema. Nikamwachia.

Baadaye akaja tajiri mmoja na askari wawili, akatuonyesha barua kwamba amenunua kiwanda. Kumbe kwa msajili kulikuwa na majina manne tu: meneja, mkewe na ndugu zake wawili. Hao ndio waliouza.

Tukaenda kortini. Niliapishwa, na wakili wa tajiri akainua cheti cha baba.

"Nani alitengeneza hiki?"

"Ni mimi."

"Kilisajiliwa?"

"Nilidhani kimesajiliwa."

"Kwa hivyo uliwapa watu karatasi tu."

Jaji alisema anatuhurumia, lakini sheria inatambua majina yaliyo kwenye rejista.

Tangu siku hiyo, baadhi ya wake za wenzangu walipita mlangoni kwetu, mtaa wa Free Area, bila kunisalimia. Baba hakunilaumu hata kidogo, na afadhali angenilaumu.

Wiki iliyofuata aliamka mapema kwenda kupanga foleni ya vibarua kwenye geti la kiwanda. Nilimsihi asiende.

"Mama," akaniambia, maana nimepewa jina la mamake, "ule msumeno naujua mimi. Watanihitaji."

Walimchukua, lakini msumeno walikuwa wamempa mwingine. Yeye alipewa ufagio, afagie unga wa mbao. Aliufagia kwa malipo ya siku, hadi kifua kikamlaza kitandani, naye hakuinuka tena.