Kiganja Juu ya Kompyuta

Mwalimu mstaafu wa Ujiji haketi mbele ya kompyuta yake kabla ya kuiwekea kiganja, kama anayepima homa ya mtoto. Kila mara huikuta ya moto, tena nzito kufanya kazi. Alimshuku Winfrida, binti wa kaka yake, kwamba anaitumia kwa siri, akamfungashia begi arudi kwao Kidahwe.

"Shangazi, sijaigusa!"

Fundi aliyeitwa akaikagua. "Mwalimu, hakuna mtu. Programu zinajisasisha zenyewe, ndizo zinazomaliza memori."

"Kwa ruhusa ya nani?" aliuliza, akiikazia mashine jicho lile lile alilomkazia binti.

"Basi nayo ifungashie begi, Shangazi."

Mwalimu alilirudisha begi mwenyewe hadi chumbani, kisha akarudi kuchomoa waya ukutani.