Kumtafuta Mwenye Bei ya Dizeli

Mwaka ule mafuta yalipopanda bei, niliitwa mwizi mbele ya watu, na aliyeniita hivyo alikuwa mama niliyempenda. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikufichi. Spana ilikuwa mkononi na nilikaribia kuitupa.

Mahali penyewe ni Mukurweini, miaka ile ya baada ya uhuru ambapo kila kijiji cha Nyeri kilikuwa na kikundi cha wanawake wa mabati. Mnachanga, mnanunua mabati, mnaezeka nyumba ya mmoja wenu, halafu mnaanza upya kwa ajili ya mwingine, mpaka nyasi ziishe juu ya nyumba zote. Kikundi chetu kilijiona kina akili kuliko vingine, kikanunua mashine ya kusaga mahindi, ya injini ya dizeli, ili ituchangie yenyewe. Mimi nilikuwa nimeolewa juzi tu, nina mikono ya kufanya kazi na sikuogopa kelele, basi nikapewa kuiendesha. Pesa zilizobaki baada ya kununua dizeli ndizo zilizokuwa mabati.

Zamu ilikuwa imefika kwa mjane mmoja, jirani yangu wa ng'ambo ya kijito. Alikuwa amepika chai na kubeba mawe katika kuezeka kwa kila mmoja wetu, akingoja yake. Paa lake lilikuwa limeoza kabisa. Mvua ikinyesha alivuta kitanda cha watoto kutoka pembe hii kwenda pembe ile, akitafuta pakavu. Na mvua ya mwezi wa nne ilikuwa inakaribia. Basi siku ya kikao nikasimama nikasema mwezi huu tena hakuna mabati, dizeli imekula kila kitu.

Mjane akainuka. "Dizeli ina mdomo?" akaniuliza. "Mke wa kijana wetu, mahindi ni yale yale, injini ni ile ile, foleni ni ile ile. Mabati yangu umeyala wewe."

Ngai, Mungu wangu! Nikamjibu maneno ambayo siyaandiki hapa, naye akanijibu mazito kuliko yangu. Mwenyekiti wetu, mama mnene mwenye sauti ya chini ambaye hata machifu walimsikiliza, akatunyamazisha sote wawili. Akasema hivi: kama bei imepanda, yuko aliyeipandisha. Tumwendee tumwombe aishushe. Tukimkuta hakupandisha chochote, basi mwizi atajulikana na ufunguo wa mashine utapewa mwingine.

Sote tuliona ni busara tupu. Na kwetu humwendei mkubwa mikono mitupu ukiwa na ombi. Asubuhi iliyofuata tukatoka watatu, mwenyekiti, mjane na mimi mshtakiwa, tumevaa leso za kanisani, tumebeba kiondo cha ndizi mbivu na kibuyu cha uji wa mwenye bei.

Tulianzia hapo hapo sokoni, kwa mwenye duka aliyetuuzia dizeli kutoka kwa mapipa. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama, ningekuwa mimi ndiye napanga bei, ungenikuta kwenye duka la mbao?" Alituambia anayanunua Nyeri, anaongeza gharama ya pikapu tu, na barabara ikiwa matope pikapu hulala njiani na wasukumaji hawasukumi bure. Mjane alinitazama tu.

Tukapata lifti ya lori la maziwa hadi Nyeri mjini. Kwenye kituo cha mafuta mjane alikwenda moja kwa moja kwenye pampu, akaisoma, akapiga makofi. "Oneni! Huku ni rahisi kuliko kwetu!" Mwenye kituo alikuwa mzee Mhindi, familia yao ilikuwa na duka mjini tangu sisi tukiwa wasichana. Alitutolea viti. Mwenyekiti akaweka kiondo miguuni pake, akafungua kibuyu, akaomba kwa heshima zote, polepole, kama anavyoombwa baba mkwe.

Yule mzee alikuwa ameishi nasi vya kutosha kujua maana ya kiondo kile. Hakucheka. Aliinama akakisukuma kurudi kwetu kwa mikono miwili. "Mama, mimi siwezi kula hii. Mimi si mwenye bei. Mimi naambiwa tu."

"Na nani?"

Kampuni inamwambia, akasema, na kampuni inaambiwa na serikali ni kiasi gani haiwezi kupita katika kila mji. Murang'a ni chini kidogo ya hapa, Nanyuki ni juu kidogo, kwa sababu hesabu inaanzia Mombasa na kila maili ya mlima ina malipo yake. Serikali nayo huchukua kodi. Na kabla ya Mombasa? Kabla ya Mombasa yalikuwa mafuta meusi mazito chini ya mchanga wa Waarabu. Yakachimbwa, yakapakiwa melini, yakavuka bahari, yakapikwa pwani, yakagawanyika: hii petroli, hii mafuta ya taa, hii dizeli. "Kila aliyegusa alichukua kidogo," akasema. "Lakini hii ya sasa haikupandishwa na wao. Huko kuna vita. Wenye visima wamekasirika, wamefunga mkono."

"Sisi tuliwakosea nini?" mjane akauliza.

"Hapana kosa, mama. Hata hawajui kama wewe uko."

Mwenyekiti akakiziba kibuyu. Yule mzee akatuonea huruma, akasema lori lake linakwenda stesheni ya Kiganjo kuchukua mafuta, gari moshi limeshafika. Kama tunataka kuona kwa macho yetu, tupande.

Nimeona mengi tangu siku ile, lakini sijaona kitu kilichonishika vile. Mabehewa ya mafuta yalikuwa yamesimama kwenye reli, mapipa ya chuma yaliyolazwa, kila moja kubwa kuliko kanisa letu la mbao, meusi, yana vumbi jekundu la nchi ambazo sijafika. Nyuma yake Mlima ulikuwa umefunguka wote, hauna wingu, mweupe kwa theluji juu. Niliweka kiganja kwenye chuma. Kilikuwa na joto. Kila siku nilikuwa nikiimimina dizeli kwenye injini kwa kopo kuukuu la maziwa, nikiamini inatoka kwenye pipa la dukani na ndio mwisho wa habari. Kumbe watu walitoboa jangwa, wengine wakakesha na meli baharini, wengine wakapika, wengine wakachochea gari moshi kupandisha nchi nzima, ili mimi nisage debe la mahindi ya uji wa mtoto. Niliogopa, na nikafurahi mno, na sikujua nimshukuru nani.

"Hawa wote," mwenyekiti akanong'ona, "wako kwenye kopo lako."

Hatukumpata wa kumpa kiondo. Tuliketi kando ya reli tukala ndizi za mwenye bei sisi wenyewe, tukawagawia na wapakiaji. Mjane hakula. Alikuwa ameyakazia macho mabehewa yale.

Kwenye kikao kilichofuata ni yeye aliyesimama kwanza. Aliwaeleza kila kitu, mchanga, meli, reli, vita, akaonyesha kwa mikono ukubwa wa behewa mpaka wanawake wakaguna. Kisha akasema bei ya kusaga ipande, la sivyo mashine itakufa na hakuna atakayeezekewa tena. Zamu yake ingoje. Mvua ikaja ikamkuta chini ya nyasi zile zile. Mabati aliyapata baada ya mavuno, na tulimwezekea kwa nyimbo.

Lakini kabla ya hayo, siku ya kwanza ya bei mpya foleni ilinung'unika vibaya. Ati nimezoea kula, ati nanenepa. Mjane akapita mbele ya wote na debe lake, akalipa bei mpya, pesa ionekane na wote, wakanyamaza. Nilidhani amekuja kuniomba msamaha, na nilikuwa tayari kuringa kidogo. Akaniinamia sikioni.

"Nilikuwa naomba Mungu mwizi awe ni wewe," akasema. "Wewe ningekugombeza mpaka ungenirudishia. Sasa hao wa visima na meli, mwanangu, nitawafikia wapi?"

Nilichukua debe lake nikamimina mahindi.