Lugha ya Kupigia Hesabu za Maji

Ushirika wa wakulima wa mpunga kule Kasansa uliniomba niwatengenezee programu ya kukokotoa maji ya mifereji. Nikawaambia mkutanoni kwamba kwanza lazima nichague lugha ya kuiandikia, Python au Fortran.

"Hizo hatuzijui," mwenyekiti akasema. "Andika Kipimbwe, lugha yetu wenyeji."

Wasukuma wakapinga. Mama mmoja akauliza kama Kirundi chake hakina namba. Nilieleza mpaka koo likakauka kwamba ni lugha za kompyuta. Wakapiga kura hivyo hivyo, na lugha zote tatu zikafungana.

Niliiandika kwa Python, ila mifereji nikaipa majina ya Kipimbwe, majaruba ya mpunga nikayapa ya Kisukuma, na taarifa za makosa nikaziweka kwa Kirundi. Siku programu ilipogoma, yule mama alinipigia simu akishangilia: "Mwanangu, imekataa kwa Kirundi safi kabisa!"