Konso, aliyemwandikia kaka yako ni mimi

Tangu binti yake aliponipigia jana, nimeshika simu mara tatu nikitaka kumpigia Konso nimweleze habari ya msiba. Halafu nakumbuka kwamba msiba ni wake. Mana we, Mungu wangu!

Wengi mnamjua kama Mama Consolata wa Niboye, mama wa vicheko. Mimi, niliyemwita Konso, nilimkuta hapa Rwanda mwishoni mwa 1994. Nilikuwa nimetoka Karagwe nilikokulia, yeye ametoka Bujumbura. Tulipata kazi ofisi moja, tukaishi nyumba moja. Kinyarwanda changu kilikuwa kibovu, basi tukaongea Kiswahili, kila mtu na chake.

Siku moja akioga alishika uvimbe kwenye titi. Daktari wa hapa alimtuma Kampala. Alirudi na bahasha ya hospitali, akaiweka mezani: cancer. Titi litolewe, tena upesi.

Alipoomba leave, ofisi nzima ikajua, na kila mtu akageuka daktari. Mmoja analeta majani ya kuchemsha. Boss mwenyewe anamwambia aache nyama.

Na mimi ndiye nilikuwa mbaya kuliko wote. Shangazi yangu alikatwa titi, hakumaliza mwaka. Niliogopa, nikaugeuza woga wangu kuwa ushauri. "Konso, usikubali kisu. Tusali kwanza." Asubuhi, kwenye chai, jioni.

Akaniambia taratibu: "Scola, nilikusikia. Lakini hii mwili iko yangu miye. Nitaenda. Na kwetu Bujumbura mtu asijue, nitawaambia nikishapona."

Nikasema sawa.

Kesho yake nilimwandikia kaka yake barua, nikampa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anashuka Bujumbura. Niliandika, bila kuweka jina langu, "Njoo umzuie dada yako." Hayo ndiyo maneno yangu. Sijawahi kuyasema mbele ya mtu hadi leo.

Kaka alifika ndani ya wiki. "Mwanamke wa miaka ishirini na nane akatwe titi? Nani atakuoa?" Konso hakulia. Alimjibu, "Kaka, nakuheshimu sana. Ila hii siyo yako ya kuamua."

Kaka akaondoka asubuhi bila kuaga. Bahasha ya hospitali aliondoka nayo.

Bila zile karatasi ilibidi Konso aanze upya: daktari, barua, vipimo. Karibu mwezi mzima ulipotea, na uvimbe unakua. Nilikuwa namwona akijigusa kupitia nguo, akidhani sioni.

Alinikuta nikifua, akaomba nimsindikize Kampala. Nilimjibu, "Siwezi kukusindikiza ukafe." Nilisema hivyo. Akapanda basi peke yake.

Alirudi amekonda, upande mmoja wa kifua bapa. Alijishonea kifuko cha pamba, akakivaa ndani ya blauzi, akarudi kazini. Yule wa majani alipotaka kuuliza, Konso akamkatiza: "Report iko wapi?" Tulicheka hadi machozi.

Aliishi miaka thelathini baada ya hapo, jamani. Aliolewa na mwanaume mpole, akazaa binti mmoja, akalea watoto wawili wa marehemu dada yake. Kaka yake alikuja kuomba radhi akiwa mzee, na wakapatana. Moyo ndio umemchukua, siyo ile cancer.

Lakini kuna jambo halikupona. Konso aliamini aliyepeleka habari Bujumbura ni Venansi, dereva wetu wa ofisi, kwa kuwa yeye ndiye alikuwa anaenda huko kikazi. Aliacha kumsalimia. Venansi aliapa kwa jina la mama yake, mimi nikiwa nimesimama pale pale, nikachungulia dirishani kama natafuta mtu. Mwaka uliofuata aliacha kazi.

Mwezi uliopita nilikaa na Konso barazani kwake. Alinimenyea chungwa. Nikasema, "Konso, kuna kitu..." Akasema, "Kitu gani, sha?" Nikasema chungwa ni tamu.

Venansi, kama upo na unasoma hapa, au mwanao akusomee: hukuwa na kosa lolote. Nitakutafuta nikwambie uso kwa uso. Ukinifukuza, nitaelewa.

Konso wangu, ulijua kuamua, na ulikuwa sahihi. Mimi nilikupenda vibaya. Sikuombi unijibu. Pumzisha huo moyo wako, dada. Usingizi mwema.