Milingoti Miwili Niliyoichomelea

Milingoti yote miwili ya bendera katika kijiji chetu niliichomelea mimi, na yote imenyooka. Mmoja uko sokoni, mwingine uko kisimani. Ukisimama kwenye barabara ya kwenda Sindeni unaiona inalingana kwa urefu, kwa sababu nilikataa kumpa yeyote hata inchi moja zaidi ya mwenzake. Wenye vyama walikuja kila mmoja kwa siku yake, na kila mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini wenzake wameagiza mita ngapi. Niliwajibu kwamba fundi mwenye diploma hatoi siri za mteja.

Diploma hiyo sikupewa bure na mtu. Nilikata mkonge Korogwe nikiwa kijana, miba ikanitoboa mpaka nikawa siwezi kushika kijiko, na kwa kazi hiyo nikajilipia ada ya ufundi mitambo Dar es Salaam. Kisha nikaenda Arabuni kuchomelea mabomba, na huko mafundi wa mataifa mengine walikuwa wakiacha kazi zao kuja kutazama mshono wangu. Wenzangu wengi waliotoka hapa hurudi kuzikwa. Mimi nilirudi na mashine ya kuchomelea, jenereta, na nia ya kuonyesha kwamba Handeni inaweza kutoa watu kama mimi zaidi ya mmoja.

Serikali ya kijiji ilinipa ghala la shule ya msingi lililokuwa limejaa popo. Nililisafisha, nikaliezeka upya, nikalifanya karakana. Kila Jumamosi vijana waliomaliza shule na kukaa bure walikuja kujifunza bila malipo. Lengo lilikuwa moja tu na kila mtu alilijua: wakafanye mtihani wa ufundi Korogwe, warudi na cheti, wasiwe vibarua wa watu maisha yao yote. Aliyekuwa mbele ya wote alikuwa binti mmoja mwenye mkono usiotetemeka, mtoto wa mkulima wa mahindi. Alisema waziwazi kwamba akikosa mtihani ule baba yake atamwoza.

Mwenzangu wa kufundisha alikuwa mtani wangu, Mnyamwezi ambaye babu yake aliletwa kwenye mashamba ya mkonge na hakurudi kwao tena. Tulikata mkonge pamoja, halafu mimi nikaenda kusoma, yeye akajifunzia kazi kwenye vyuma vya lori, gereji. Sisi Wazigua na wao ni watani tangu wakati babu zao walipokuwa wakipita kwetu na mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na wewe ukikasirika aibu ni yako. Anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe, na haitwi mwizi huyo, anaitwa ameteka. Unakwenda kukikomboa kwa jogoo, mnapika, mnakula pamoja, basi.

Asubuhi ya Jumamosi darasa letu lilianza hivi:

"Mtumwa wangu, nani kakuruhusu kuamka kabla yangu?"

"Mpagazi, tua mzigo kwanza ndipo uongee na wenye nchi."

"Nchi gani? Hii ya mahindi ya kimo cha kuku? Babu yangu alipita hapa akakataa hata kulala."

"Alikataa au alikimbizwa na mbu?"

"Mbu wenu wenyewe wana njaa, walimkuta amekonda wakamwonea huruma."

Vijana walicheka mpaka nyundo zikawaponyoka. Nilipofiwa na mama yangu, mtani huyu ndiye aliyeingia kaburini akalala chali, akasema marehemu alimwahidi jogoo mwekundu na hatoki mpaka amwone. Shehe aliangalia pembeni akificha meno. Mimi niliyekuwa nimekauka kwa kulia nilicheka, na baada ya kucheka ndipo nikaweza kumfukia mama.

Mwaka wa uchaguzi ulipoingia, mambo yalibadilika kidogo kidogo. Kwanza ilikuwa uji wa shule. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa mtu wa Sokoni, yaani wa mlingoti wa sokoni, kwa hiyo wazazi wa Kisimani waliacha kuleta mahindi. Wa Sokoni nao wakasema uji utakuwa wa watoto wa waliochanga. Nilipita pale saa nne asubuhi nikaona watoto wamekaa mafungu mawili uwanjani, fungu moja na vikombe, fungu lingine limegeuza mgongo. Hakuna mwalimu aliyewapanga vile. Baada ya uji walicheza mkutano wa hadhara: mmoja juu ya tofali akihutubia, wengine wakimzomea, halafu wakimfukuza kwa vijiti. Nilisubiri wabadilishane zamu kama watoto wafanyavyo. Hawakubadilishana. Aliyefukuzwa alikuwa yule yule.

Kisha zikaja fulana. Vyama vyote viwili viligawa, na vijana wetu ambao hawakuwa na nguo ya kubadili walizivaa. Niliweka sheria kwamba ndani ya karakana ni ovaroli tu, na ovaroli nilizinunua mimi mwenyewe. Ukivaa ovaroli na kufunga vifungo mpaka shingoni, fulana haionekani. Sheria ile ilifanya kazi kwa muda. Jumamosi moja nilifungua mlango nikakuta wamevaa fulana juu ya ovaroli. Wa Sokoni wamesimama upande wa dirisha, wa Kisimani upande wa jenereta. Hakuna aliyecheka mtani aliposema, "Watumwa wangu leo wamejipanga kama wanasubiri kuuzwa." Mmoja alimtazama, akatema mate chini.

Maneno yalikuwa yameshaanza. Wa Kisimani walisema ghala lilitolewa na serikali ya kijiji ambayo ni ya Sokoni, kwa hiyo darasa ni la kupika makada. Wa Sokoni walisema Mnyamwezi ameonekana kisimani akitengeneza kipaza sauti cha mkutano. Kweli alikitengeneza. Na cha Sokoni alikitengeneza wiki iliyofuata, lakini hilo hakuna aliyeliona. Ukaitishwa mkutano wa wazazi kuamua kama darasa libaki au lifungwe, na mtihani wa Korogwe ulikuwa mwezi uliofuata.

Mimi si mtu wa kukaa nikisubiri kura. Nilimwendea mwalimu mkuu, mama wa Kisambaa kutoka Bungu, mpole, mwenye mazoea ya kuangalia mlango kabla ya kuongea. Nikamwambia mpango wangu. Kengele ya shule ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mnyororo, na watoto wa vitongoji vyote waliamka kwa sauti yake. Mtani wangu ataiteka. Kengele ni ya wote, kwa hiyo kuikomboa ni juu ya wote. Sokoni watalazimika kutoa jogoo, Kisimani watalazimika kutoa mchele, na wakishakaa kwenye sinia moja na kucheka pamoja, tutawauliza habari ya darasa.

"Injinia," akasema, "hawa watu siku hizi hawacheki."

"Mwalimu, utani ni mkubwa kuliko vyama. Vyama vimekuja juzi."

"Mimi ni mtumishi wa serikali. Wakiniuliza, sijui kitu."

"Hujui kitu, mwalimu. Ila siku hiyo kipyenga chako usikisahau nyumbani."

Mtani mwenyewe nilipomweleza alifurahi kama amepewa harusi. "Mimi nataka jogoo wawili," alisema. "Mmoja wa kengele, mmoja wa uchovu. Na wewe mtumwa utachinja."

Alikuja asubuhi, watoto wakiwa paredi. Alivaa kofia ya manyasi na gunia kiunoni, kama watani wanavyovaa msibani, akaifungua rimu kwenye mnyororo na kuifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. "Watumwa wangu!" akapaza sauti. "Kengele yenu nimeiteka! Hamna saa, hamna shule, hamna nchi! Jogoo na wali vije kwangu kabla jua halijanichukiza!" Watoto walipiga kelele za furaha, mafungu yote mawili pamoja. Bibi mmoja aliyekuwa akipita na kuni alicheka mpaka akatua mzigo. Nilisimama mlangoni mwa karakana nikasema moyoni, nimewaweza.

Ndipo kijana mmoja wa darasa letu, aliyekuwa kwenye uzio na fulana yake, akauliza, "Katumwa na nani huyo?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida tu. Lakini bibi yule aliacha kucheka, akajitwisha kuni zake, akaondoka bila kuaga. Swali lile lilienda sokoni, likaenda kisimani, na kabla ya adhuhuri kila upande ulikuwa na jibu lake. Sokoni: Kisimani wamemtuma aibe kengele ili shule isiendelee na serikali ionekane imeshindwa. Kisimani: Sokoni wamemtuma afanye hivyo ili lawama ziwaangukie wao. Hakuna aliyesema neno kuteka. Nilikwenda kwa mtani wangu nikamkuta amebandika sufuria kubwa tupu juu ya mafiga, maji yanachemka, amekaa na kofia yake ya manyasi anatazama njia.

"Watu wako wanachelewa, mtumwa," alisema. "Au jogoo anakimbia?"

Tulisikia watu kabla ya kuwaona. Walikuja mgambo na vijana wa pande zote mbili. Hicho ndicho kilichonitia baridi: pande zote mbili walikuja pamoja, bega kwa bega, jambo ambalo hata uji haukuweza kulifanya. Wanne walikuwa wanafunzi wangu. Walipiga sufuria teke, maji yakazima moto. Mtani aliwaambia, "Taratibu, watumwa wangu, mtaunguza wali ambao hamjauleta," na alikuwa bado anatabasamu.

Walimtwika ile rimu kichwani. Wakaamuru aibebe mpaka ofisi ya kijiji, yeye mtu mzima wa umri wangu, chuma cha lori kikimlalia kwenye shingo, njia nzima kupitia sokoni na kupitia kisimani ili kila mtu aone. Nilitembea kando yake nikisema acheni, huu ni utani, hamjui utani? Nyuma yangu mtu akapaza sauti: "Mpagazi!" Neno lile nimelitumia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Siku ile lilitoka kinywani mwa kijana niliyemfundisha kushika koleo, na hakukuwa na kicheko ndani yake. Mtani alimgeuzia jicho. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

Ofisini nilisimama nikasema ukweli mbele ya wote: mimi ndiye niliyempa kazi hii, na niliifanya kwa ajili ya watoto wao. Nilidhani ukweli wa mtu kama mimi una uzito. Mtendaji wa kijiji alinyanyua kichwa.

"Kwa hiyo unakubali alitumwa."

"Nimesema ni utani, mzee."

"Alitumwa au hakutumwa?"

Watu waliguna wote kwa pamoja, kama walichokuwa wakikingoja kimefika.

Wapo wanaosema hadi leo kwamba nililikoroga mwenyewe. Nawaambia mpango ulikuwa mzuri na ungefaulu mwaka wowote mwingine, katika kijiji hiki hiki, na watu hawa hawa. Mtani aliachiwa jioni ile, shingo imevimba. Mkutano wa wazazi haukuchukua hata nusu saa. Darasa lilifungwa, na kwa kuwa hakuna upande ulioamini upande mwingine kushika ufunguo, ghala liliwekwa kufuli mbili, moja ya Sokoni, nyingine ya Kisimani. Mashine yangu na jenereta langu vimo ndani. Kufuli zote mbili ni bora, nimezikagua.

Binti yule alikuja kwangu mara kadhaa kuuliza kama nimepata ufunguo. Mara ya mwisho alikuwa amepakwa hina mikononi. Hakuuliza tena, aliniamkia shikamoo, akapita.

Kengele ilirudishwa kwenye mnyororo wake. Inalia kila asubuhi, lakini vitongoji vya upande wa kisimani sasa vina rimu yao, inayogongwa mapema kidogo. Mwalimu mkuu hayupo, amehamishwa. Uchaguzi umepita, fulana zimepauka, na hakuna aliyezivua.

Mwezi uliopita nilikwenda Korogwe kununua mabati. Mtani wangu alihamia huko, ana kibanda cha kuchomelea karibu na barabara kuu. Nilimwona kwa mbali ameinama kwenye kazi, miwani usoni, cheche zinaruka. Nikapaza sauti kama zamani, "Mpagazi! Nani kakuruhusu kushika moto bila mwenye nchi?"

Alizima mashine, akavua miwani, akajifuta mikono kwa kitambaa. Kisha akanipa mkono.

"Habari za siku nyingi, bwana," alisema. "Nyumbani hawajambo? Karibu kiti."

Nilisimama nikingoja tusi. Nilingoja kama mtu anayengoja aliyelala aamke. Alinivutia kiti, akakipangusa vumbi, akatuma soda iletwe. Aliniuliza habari za mvua. Alinijibu kila nilichouliza, kwa adabu, kama mtu anavyojibu afisa.

Chini, juu ya matofali, lilikuwa bomba la chuma alilokuwa akiliunga. Lilikuwa refu, limetoka nje ya kibanda mpaka karibu na mtaro. Nililipima kwa jicho. Jicho langu halikosei. Lilikuwa refu kuliko mlingoti wangu wowote.

"Mlingoti?" nikauliza.

"Ndiyo, bwana."

"Wa wapi?"

"Wa kwenu," akasema, akavaa miwani. "Wameomba uwe mrefu kuliko ule mwingine. Na wenzao wamekuja jana, wanataka mrefu kuliko huu."