Raba Nyeupe Mnadani

Mtu avaaye raba nyeupe katika vumbi la Dodoma hutembea kama korongo: hupima, huinua mguu, hutua juu ya jiwe. Ndivyo nilivyotembea mimi, mhitimu wa chuo, mwalimu wa vijana kanisani, mhubiri mkali dhidi ya tamaa ya vitu. Viatu hivyo nilivinunua mtandaoni kwa simu, baada ya kuvitazama humo kila asubuhi kabla ya kufungua Biblia. Nilivisugua kwa mswaki. Ubaya ni kwamba kila nilipoinamisha kichwa niombe, niliviona vyenyewe.

Kwaresima ilipofika, niliwaagiza vijana kila mmoja amtolee Mungu kitu kimoja kinachomtawala. Kuagiza ni rahisi. Jumapili hiyo nilikwenda ibadani na kandambili, nikaviweka viatu vyangu mbele ya madhabahu, kati ya boga na jogoo aliyefungwa miguu.

Ibada ilipokwisha, sadaka za vitu zilinadiwa nje, kama ilivyo desturi yetu. Aliyenadi alikuwa mzee wa kanisa, dalali wa zamani wa mahindi kule Kibaigwa, na sauti ya soko haijamtoka hadi leo.

"Bwana asifiwe! Viatu hivi havijakanyaga dhambi!"

"Vimekanyaga mawe tu!" akadakia mwanakwaya mmoja. Kanisa zima likaangua kicheko.

Vikienda, nimekuwa huru. Jirani yangu, mama muuza karanga, alipandisha bei mpaka wenzake wakanyamaza.

"Mama, utavivaa wewe?"

"Nadi, mzee! Habari ya miguu niachie mwenyewe."

Alipovipata, akanigeukia. Kwetu, anunuaye mnadani aweza kumzawadia amtakaye, na zawadi hiyo haikataliwi.

"Kijana huyu ametufundisha kutoa. Namzawadia!"

Vigelegele vikapanda.

"Mama, mimi nilikuwa navikimbia," nilimnong'oneza.

"Basi vikimbie ukiwa umevivaa, mwanangu. Huoni mbigili zilivyojaa njiani? Na lile boga nimelinunua pia. Nibebee."

Nikavivaa, nikalibeba. Boga lilikuwa kubwa hata sikuweza kuiona miguu yangu, sembuse mawe. Nilikanyaga popote. Tulipofika kwake, raba zilikuwa zimegeuka rangi ya Dodoma.

Jumapili iliyofuata nilizivaa hivyo hivyo. Nilipoinamisha kichwa niombe, niliziona, nikacheka kidogo, kisha nikafumba macho.